Batani ya Kukanyaga

PS2 inayoelekea kufa hutoa mlio wake. Jicho linapanda na kushuka, tik-tik-tik, kama kuku anayedonoa sufuria tupu. Diski inazunguka kwa kasi, inatulia, inazunguka tena, na TV inabaki nyeusi. Vijana waliokwisha kulipa wanageuka kukutazama.

Mlio huo nimeusikia miaka saba. Kibanda changu cha gemu kipo Makambako, karibu na njia panda, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Anayeijua Makambako anaujua upepo wake. Kiangazi kikikolea, vumbi linapita chini ya mlango, linapita kwenye matundu ya misumari ya bati, linatua juu ya kila kitu. Jicho la PS2 ni lenzi ndogo ambayo mwanga wa leza hupita kwenda kuisoma diski. Vumbi likitanda juu yake, mwanga hautoshi. Mafundi wengi hapo huongeza nguvu ya leza kwa kuzungusha kirekebishi kidogo kwa bisibisi. Mashine inaamka siku hiyo hiyo na unamshukuru fundi, lakini leza iliyoongezwa nguvu huungua mapema. Nilibadilisha lenzi tano kwa mwaka mmoja. Moja niliyoagiza Dar es Salaam ilidumu wiki mbili.

Nilipofikia hatua ya kutaka kufunga, nilizifunga mashine mbili kwenye khanga nikapanda gari kwenda Njombe, kilomita kama 60, kwa shemeji yangu. Ni mdogo wa mume wangu, fundi wa redio na simu. Ilikuwa Julai, na Njombe mwezi Julai hata fundi anafanya kazi na koti. Alinisalimia, akazifungua mashine, akanyamaza kidogo.

"Shem, jicho hili nikibadilisha utarudi tena Septemba."

"Sasa nifanyeje?"

"Acha kutumia jicho."

Akaigeuza mashine akanionyesha tundu la mraba mgongoni. Nilikuwa nikilipangusa kila asubuhi nikijua ni la waya wa simu ya mezani. Kumbe ni la mtandao.

PS2 ilianza kuuzwa Japani mwezi Machi mwaka 2000, na Sony wameuza zaidi ya milioni 150 duniani, nyingi kuliko mashine nyingine yoyote ya gemu ya kuunganisha na TV hadi wakati wake. Zile nene za mwanzo zilihitaji kifaa cha ziada cha mtandao kufungwa nyuma. Zile nyembamba zilizotoka mwaka 2004 zilikuja na tundu hilo tayari, ili mtu wa Tokyo acheze na mtu wa Osaka. Kwetu zilifika zikiwa mitumba, na tundu halikutumika.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye memori kadi, ile ya kuhifadhia magoli na ligi. Ukiwasha PS2, kabla ya jambo lolote inachungulia kwenye memori kadi kuona kama kuna marekebisho ya mfumo yaliyoletwa na mwenye kiwanda. Sony waliuacha mlango huo wenyewe. Mwaka 2008 watengeneza programu walitoa programu ya bure iitwayo Free McBoot inayopita hapo hapo, na baada ya hapo mashine inakubali kufungua programu nyingine, pia ya bure, iitwayo Open PS2 Loader. Hii ndiyo inayofanya kazi kubwa. Gemu inapoomba kipande fulani cha diski, programu hii inalikamata ombi, inalipeleka kwa waya hadi kwenye kompyuta, inaleta kipande kilichoombwa. Gemu haitambui tofauti. Jicho linaweza kuwa limekufa kabisa, mashine ikacheza.

Watu wengi huniuliza kwa nini nisichomeke flashi. Nilijaribu. Tundu la flashi la PS2 ni la kizamani, mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde, wakati tundu la mtandao ni la megabiti 100. Kwa flashi mpira unachezeka, ila video za mwanzo zinakatakata na sauti inaachana na picha. Mteja anayelipa hapaswi kupewa kitu cha namna hiyo.

Kompyuta niliinunua kwa mtu wa intaneti kafe aliyekuwa anafunga, ya mezani, nzito kama debe la mahindi. Ina hadidiski ya gigabaiti 500. Diski moja ya DVD inabeba 4.7, kwa hiyo nafasi ni ya gemu zaidi ya mia, nami nilitia nakala za diski nilizokuwa nazo kibandani, zile zilizokwaruzika nikizisafisha kwanza kwa maji na kitambaa laini. Kutoka kwenye kompyuta waya mmoja unaingia kwenye swichi ya matundu matano, na nyaya nne zinatoka kwenda kwenye PS2 nne. Kila mashine lazima iwe na namba yake, kama kile kibao kilichopigiliwa mlangoni kwako kwenye kazi ya anwani za makazi mwaka 2022. Kompyuta ni 192.168.1.10, mashine zinafuata 11, 12, 13, 14. Mbili zikipewa namba moja hugombana, na zote mbili zinakaa kimya.

Hapo ndipo tulipokwama siku mbili. Namba zilikuwa sawa, taa za swichi zinamulika, PS2 inasema haioni kitu. Shemeji, aliyekuja Makambako kunisaidia kufunga nyaya, alikuwa amesharudi Njombe na tunaongea kwa simu. Hatimaye tatizo likaonekana: PS2 inazungumza na kompyuta kwa lugha ya zamani ya kushirikisha mafaili, SMB ya kwanza. Mwaka 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea duniani kikipitia udhaifu wa lugha hiyo, kikafunga kompyuta za watu na hata za hospitali kule Uingereza, na mwaka huo huo Microsoft wakaanza kutoa Windows 10 lugha hiyo ikiwa imezimwa. Niliiwasha kwa mkono. Lakini namwomba yeyote atakayefanya hivyo aelewe anachofungua. Kompyuta yangu ya gemu haijaunganishwa na intaneti hata dakika moja, wala simu ya mtu haichomekwi pale kuchajiwa.

Tangu mwezi huo sijanunua lenzi.

Kabati lilifuata baadaye. Mashine zilikuwa mezani, vijana wakishangilia goli wanavuta pedi, na PS2 inaanguka. Shemeji alikuwa ameona kwenye simu yake yale makabati ya Kijapani ya kumbi za gemu, ya kusimama, yenye skrini ndani na vitufe mbele. Akanieleza jambo lililonishangaza. Mwaka 1998 Sega walitoa mashine ya kumbi hizo iitwayo NAOMI, na baadaye ikawekewa bodi ya kubeba gemu nzima kwenye kumbukumbu, yenye tundu la mtandao. Leo watu wa Ulaya, Marekani na Japani wanaoyatunza makabati hayo wanayalisha gemu kwa waya kutoka kwenye kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Wao kule na mimi huku njia panda, ujanja ni ule ule.

Basi nikaagiza mbao za paini Njombe, na seremala wetu wa Makambako akapiga kabati moja la majaribio. Tulitia TV ya chogo, kwa sababu flati nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha na mpira unakuwa umeshapita mguu. PS2 ikakaa kwenye droo ya ndani yenye kufuli na matundu ya hewa yaliyozibwa kwa chandarua kuukuu. Harufu ya utomvu ilijaa kibandani mwezi mzima. Lilipowekwa barazani, mwenyekiti wa mtaa alikuja siku hiyo hiyo akidhani nimeleta dubwi, ile mashine ya kamari. Nilimwelewa. Dubwi zimekula fedha za ada za watoto wengi hapa, na nisingependa ziwe karibu na mlango wangu. Nilimfungulia droo, nikamwonyesha kwamba hakuna tundu la sarafu wala mahali pa kutokea fedha. Mtu analipa mia tano, anacheza mechi moja, anaondoka na matokeo yake. Mtoto mwenye sare ya shule haingii saa za masomo. Mwenyekiti aliridhika.

Sasa vitufe, au batani kama tunavyosema. Kule Japani, mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa mashine hizo, JAMMA, kiliweka utaratibu mmoja wa nyaya ili bodi ya gemu yoyote iingie kwenye kabati lolote, na kawaida mchezaji alikuwa na batani tatu. Mwaka 1991 ikaja Street Fighter II yenye batani sita, na wenye makabati wakalazimika kutoboa mbao na kuongeza nyaya. Mimi nilitoboa kwa sababu nyingine.

Kuna kijana anayefanya kazi ya kupasua mbao. Msumeno ulimchukua kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji hodari wa PES, ile gemu ya mpira wa miguu, pale kwangu. Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi akakaa kwenye benchi, akiwaelekeza wengine wapi pa kupiga pasi. Hakuomba kucheza, wala hakuna aliyemwambia acheze. Mwenye kuijua PES anaelewa kwa nini: X ni pasi, mraba ni shuti, duara ni krosi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza, na R1 iliyo juu ya pedi ndiyo mbio. R1 inashikiliwa kwa kidole cha shahada huku dole gumba likifanya mengine yote. Bila kidole hicho mchezaji wako anatembea na wenzake wanakimbia.

Shemeji alinifundisha kulehemu jikoni kwangu Jumapili mbili. Tulichukua pedi ya Kichina ya bei rahisi, tukaifungua. Chini ya kila batani kuna alama mbili za shaba zisizogusana, na mpira mweusi ukibonyezwa unaziunganisha. Kwenye pedi ile upande mmoja wa kila batani ulikuwa waya wa pamoja. Tulihakikisha kwa mita. Pedi halisi ya Sony ni ngumu zaidi kwa sababu inapima ni kwa nguvu kiasi gani umebonyeza, kwa hiyo kwa kazi hii ya Kichina ni bora. Ukilehemu nyaya mbili kwenye alama hizo, unaweza kuipeleka batani popote unapotaka, hata mita mbili mbali. Batani kubwa za milimita 30 tuliagiza Kariakoo, seremala akatoboa ubao wa mbele ya kabati, nane kwa kila mchezaji, zilizoachana vya kutosha kupigwa kwa kiganja.

R1 tuliishusha sakafuni. Nilinunua batani ya kengele ya mlangoni kwenye duka la vifaa vya umeme, tukaifunga chini ya kipande cha ubao chenye bawaba, kikawa kanyagio kama la cherehani. Ya kwanza ilipasuka siku ya tano, kwa sababu mtu anayekimbilia goli hakanyagi kwa adabu. Ya pili tuliiwekea vipande viwili vya soli ya ndala pembeni, ubao unagota kwenye ndala kabla haujaiponda batani. Hiyo ipo hadi leo.

Jumamosi ile nilimwita. "Mwanangu, hebu njoo ujaribu hili kabati, ubao umetoboka vibaya au vizuri." Alisimama mbele yake kwa muda akitazama chini kwenye kanyagio, akaweka mguu. Mechi ya kwanza alifungwa manne, kwa kuwa mguu ulikuwa unachelewa. Alilipa nyingine. Kufikia jioni nilimwambia kibanda kinafungwa akaniomba dakika tano.

Baada ya wiki chache wengine walilalamika kwamba mwenye kanyagio anapata faida, kwani vidole vyake vyote viko huru. Malalamiko yalikuwa ya kweli, niliyapima mwenyewe. Nikaweka kanyagio la pili upande wa mchezaji wa pili, na kabati la pili likapigwa likiwa nayo mawili tangu mwanzo. Umeme ukikatika, kompyuta ina betri ya dakika kumi ya kuizima taratibu, maana hadidiski haipendi kukatwa ghafla.

Kama nyumbani kwako kuna PS2 iliyotupwa juu ya kabati la nguo kwa sababu haisomi diski, usimpe mtu wa chuma chakavu. Igeuze utazame mgongoni. Ikiwa nyembamba, tundu la mtandao lipo. Soma namba ya chini inayoanza na SCPH: tarakimu zake zikianza na 7 njia ya memori kadi itafanya kazi, zikianza na 9 muulize fundi kwanza, kwa sababu kwenye baadhi ya zile za mwisho Sony waliufunga ule mlango. Na ukipiga kabati, toboa tundu moja zaidi ya yale unayoyahitaji.