Kwenda Kuvua Ziwa Alice: Kichwa Kikiuma, Usipande Zaidi

Shule zikifungwa kuna vijana wetu wanaochukua ndoana na kupanda Mlima Kenya kuvua trauti katika Ziwa Alice. Wazazi huniuliza juu ya nyati na miteremko. Njia ni mbaya kweli. Kutoka ziwa dogo la Rutundu, lililo karibu meta 3,100 juu ya usawa wa bahari, unavuka bonde na kupanda hadi karibu meta 3,500, na kwa kuwa hakuna anayeitunza njia hiyo, mahali pengine inapotelea majanini. Lakini mguu ulioteguka hupona. Mimi naogopa zaidi hewa na baridi.

Gari humtoa mtu Meru mjini na kumfikisha karibu na Rutundu siku hiyo hiyo. Mwili haujapata nafasi ya kuzoea hewa hafifu. Baada ya saa chache kichwa kinauma, chakula kinamchukiza, anatapika, usingizi haupati. Ujana si kinga; hata mchezaji hodari wa mpira hupatwa. Mtu huyo apumzike hapo hapo, asipande hata hatua moja mpaka apate nafuu. Kumeza dawa ya kichwa kisha kuendelea na safari ni kujidanganya. Asipopata nafuu, ashuke.

Dalili mbili hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni kuhema akiwa ameketi tu, pengine na kikohozi: maji yanaingia mapafuni. Ya pili ni kuyumba. Mwambie atembee kwa mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, msimcheke mkidhani amelewa. Ubongo unavimba. Ashushwe mara moja, usiku au mchana, na asiachwe peke yake.

Baridi nayo huua, hasa mtu akilowa, na likizo ya Novemba huangukia katika mvua za vuli. Anayetetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, akingwe na upepo. Akiwa na fahamu zake, apewe chai yenye sukari nyingi. Pombe kali, ambayo wavuvi wengi huisifu, hufungua mishipa ya ngozi na kutoa nje joto la mwili.

Maji ya ziwa yachemke dakika 3 kamili, maana huko juu huchemka kabla ya kufika nyuzi 90. Ndiyo sababu maharagwe hayaivi. Afadhali githeri ipikwe nyumbani.

Ndoana ikizama kidoleni hadi kwenye jino lake, usiivute. Kata uzi, funga kidonda, uje hospitali. Huenda ukahitaji sindano ya pepopunda.

Tafuteni kiongozi anayeijua njia, na mlipe ada. Mwachieni mtu nyumbani majina ya wanaopanda na siku ya kurudi, kwa sababu simu isiyo na mtandao haitawaita waokoaji.