Kabila Gani Wewe?

Hapa Ilomba, karibu na barabara kuu iendayo Tunduma, kijana mmoja alikwenda kutafuta chumba cha kupanga. Alikwisha kuonyeshwa chumba, na kodi wamepatana, ndipo mwenye nyumba akauliza: "Kabila gani wewe, kijana?" Akajibiwa: "Mhehe, wa Iringa." Papo hapo chumba kikawa kimekwisha kupata mtu. Baadaye mzee yule aliniambia, bila haya, kwamba hataki mtu wa hasira za kujinyonga afie nyumbani kwake.

Ndugu msomaji, tusimcheke mzee huyo peke yake. Nani kati yetu hana kamusi hiyo kichwani? Mnyakyusa ana kiburi. Utajiri wa Mkinga una dawa nyuma yake. Mbena ni wa kutumwa. Na Msafwa, mwenye nchi hii, ati amelala. Twazipokea sifa hizo utotoni kama tupokeavyo majina ya milima, wala hatuulizi zilitungwa na nani.

Mwaka 1922 mwandishi wa Marekani, Walter Lippmann, alizipa picha hizo za kichwani jina alilolitwaa katika kazi ya kupiga chapa: lile bamba la madini ambalo, likisha kumiminwa, huchapa ukurasa ule ule mara elfu pasipo herufi moja kubadilika. Wazee wa mitambo ya magazeti walilijua vema bamba hilo. Naye hakudai kwamba mtu aweza kuishi bila picha hizo, kwa kuwa dunia ni pana na siku ni fupi.

Basi tulitazame bamba la Mhehe. Katika karne ya 19 Munyigumba aliziunganisha tawala ndogo ndogo nyingi za nchi ya Iringa, na hao waliounganishwa ndio walioitwa Wahehe. Watu wa asili mbalimbali namna hiyo wawezaje kuzaliwa na hasira moja? Mwanawe, Mkwawa, alilivunja jeshi la Zelewski pale Lugalo mwezi Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ikaanguka mwaka 1894, akapigana porini miaka mingine minne, na Julai 1898, alipokaribia kukamatwa, alijipiga risasi asitiwe mikononi mwa Wajerumani. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Wengi hupenda kuieleza sifa ile kwa tendo hilo. Yaani uamuzi wa mtu mmoja, vitani, umegeuzwa kuwa ugonjwa wa ukoo mzima.

Wako watakaosema huo ni utani tu. La, hasha! Utani una sheria zake. Wahehe na Wangoni walipigana vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na leo ni watani. Hutukanana hata mbele ya jeneza, lakini mtani huyo huyo ndiye ashikaye jembe makaburini. Mwenye nyumba yule hakuwa mtani wa kijana, wala hakukusudia kumzika.

Serikali yenyewe iliacha kuuliza kabila katika sensa baada ya ile ya mwaka 1967. Huku kwetu bado tunahesabu. Kijana alipata chumba mtaa wa pili, kwa mama mmoja wa Kisafwa, ambaye alimwuliza neno moja tu: atalipa kodi ya miezi mingapi.