Tujadilianeje Mambo Yenye Ubishi? Funzo la Mifugo ya Kondoa

Msafiri atokaye Dodoma mjini kuelekea kaskazini kwa barabara ya Arusha huvuka tambarare yenye mibuyu na migunga, kisha hupanda hatua kwa hatua hadi kwenye vilima vya Irangi, wilayani Kondoa. Huko ataona makorongo mapana, mengine yenye kuta za udongo mwekundu zinazopita kimo cha mtu, na mito ya mchanga ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haina maji. Ataona pia kwamba miteremko mingi ambayo zamani ilikuwa imepara ilipata kuvikwa tena nyasi na miti. Mabadiliko hayo hayakuja bure. Mwaka 1979 iliamriwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lile lililoharibika.

Je, uamuzi ule ulikuwa wa haki? Swali hili nimelitoa darasani mara nyingi, na kila mara wanafunzi hugawanyika kabla sijamaliza kulieleza. Wa upande mmoja husema kwamba ardhi ni ya vizazi vyote, na kwamba asiyeilinda hana haki ya kuitumia. Wa upande wa pili husema kwamba ng'ombe ni benki, mahari na chakula cha mtu, na kwamba kumnyang'anya ni kumwua akiwa hai. Baada ya nusu saa sauti zimepanda, wala hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Nisiwalaumu vijana peke yao. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari Ulaya, katika semina moja zilionyeshwa picha za makorongo kama haya, zikatolewa kuwa ushahidi kwamba mfugaji wa Afrika huiharibu nchi yake mwenyewe. Nilikasirika, nikajibu kwa hasira, na hasira yangu haikumfundisha mtu lolote. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba sikuwa na hoja kwa sababu sikujua ni swali lipi nililokuwa nikilijibu.

Jambo lenyewe

Mmomonyoko wa Kondoa uliwashughulisha watawala tangu enzi za ukoloni. Serikali ya Kiingereza iliwaamuru watu wachimbe makingamaji, waache kulima miteremko mikali na wapunguze mifugo. Kwa kuwa kazi hizo zilifanywa kwa amri na kwa hofu ya adhabu, wananchi walizichukia, na Uhuru ulipokaribia zilizorota.

Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana zaidi kwa jina la HADO, chini ya idara ya misitu na kwa msaada wa Sweden. Mwanzoni mradi ulitegemea makingamaji, kuziba makorongo na kupanda miti. Lakini mifugo iliyoendelea kuchunga juu ya miteremko hiyo ilirudisha nyuma sehemu kubwa ya kazi. Ndipo ukaja uamuzi wa 1979. Eneo lililohusika lilikuwa na ukubwa wa kilometa za mraba 1,256, na mifugo iliyoondolewa inakadiriwa kuwa 90,000 hivi. Baadhi ya wenyeji waliuza wanyama wao, na wengine waliwapeleka kwa ndugu na marafiki walioishi nje ya eneo, hasa tambarare. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ilichukuliwa Mvumi, karibu na Dodoma. Mwaka 1989, baada ya miaka kumi, mlango ulifunguliwa kidogo Kondoa: wakulima waliruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa kwa kuwafungia zizini na kuwaletea majani.

Maswali matatu ndani ya swali moja

Mtu anapouliza kama uamuzi wa 1979 ulikuwa sahihi, kwa hakika anauliza maswali matatu kwa pamoja.

La kwanza ni swali la hakika ya mambo: udongo ulikuwa ukichukuliwa kwa kasi gani, na kwa sababu gani? Jibu la swali hili hutafutwa kwa kupima. Halitegemei cheo cha msemaji wala idadi ya wanaomshangilia.

La pili ni swali la maadili: ni kipi chenye thamani zaidi, na nani anastahili kubeba mzigo kwa faida ya nani? Hapa vipimo vinasaidia, lakini havitoi hukumu.

La tatu ni swali la uamuzi: kwa kuwa hali ni hii na tunathamini haya, tufanye nini, kwa njia gani, na nani aamue? Hili ni swali la siasa kwa maana yake njema, yaani utaratibu wa watu kuamua mambo yao ya pamoja.

Ugomvi mwingi huzaliwa pale mmoja anapojibu swali la kwanza huku mwenzake akijibu la pili. Mtaalamu anasema udongo unakwisha, mfugaji anasikia kwamba yeye ni mtu mbaya. Mfugaji anasema ng'ombe ni uhai wake, mtaalamu anasikia kwamba anakanusha mmomonyoko. Kila mmoja amesema kweli, na kila mmoja amejibiwa jambo ambalo hakulisema.

Sayansi imepima nini?

Katika swali la kwanza nyanda za kati zina historia ndefu ya utafiti. Katika miaka ya 1930 yalifanyika majaribio huko Mpwapwa, ambapo vipande vya ardhi kwenye mteremko vilipimwa maji na udongo uliotoka baada ya mvua. Mvua ya sehemu hizi ni ya kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa vishindo katika miezi michache. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza karibu nusu ya maji ya mvua, pamoja na udongo unaokaribia tani 150 kwa hekta kwa mwaka. Kipande kilichofunikwa na vichaka kilipoteza chini ya asilimia moja ya maji, na udongo wake ulibaki mahali pake.

Miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipima tope lililokusanyika katika mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walikuta kwamba mabwawa yalikuwa yakijaa kwa kasi kiasi cha kufupisha maisha yake hadi miongo michache tu. Hapana shaka, basi, kwamba tatizo lilikuwa la kweli.

Lakini tuangalie kwa makini jambo ambalo majaribio hayo hayakusema. Yalithibitisha kwamba ardhi tupu huchukuliwa na maji. Hayakusema ni nani aliyeivua nguo. Ardhi huweza kuvuliwa na kwato za ng'ombe, na huweza pia kuvuliwa na jembe, shoka au moto.

Baadaye likaongezeka jambo jingine. Kuna mbinu ya kupima chembe za mchanga ili kujua ni muda gani umepita tangu zilipopigwa na mwanga wa jua mara ya mwisho, yaani kabla hazijafukiwa. Mbinu hiyo ilipotumika katika vilima vya Irangi, ilionekana kwamba udongo ulipata kuporomoka kutoka miteremko hiyo zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na tena katika kipindi cha kiasi cha miaka elfu moja hadi sasa. Mporomoko wa kale hauwezi kuwa kazi ya mfugaji, bali huenda na mabadiliko ya hali ya hewa. Ule wa karibuni huhusishwa na watu waliofyeka na kulima. Habari hii inawanyima raha wabishani wote wawili. Anayesema kwamba makorongo yote yameletwa na mifugo ya karne iliyopita amekosea. Na anayesema kwamba, kwa kuwa mmomonyoko ni wa kale, basi mifugo haina lawama, naye amekosea; maana kidonda cha zamani huweza kutoneshwa leo.

Baada ya 1979 uoto ulirudi upesi, na sehemu za mchanga zilizotulia ziliweza kulimwa. Hii ni dalili ya nguvu kwamba kuondoa mifugo kulisaidia. Hata hivyo si uthibitisho kwamba kuiondoa yote ndiyo iliyokuwa njia pekee, kwa kuwa njia nyingine hazikujaribiwa bega kwa bega na hiyo.

Mahali vipimo vinapokomea

Tuingie sasa katika swali la pili. Faida za kufunga eneo zilienea: maji, kuni, miti ya kujengea, mashamba ya chini yasiyofunikwa tena na mchanga. Hasara ziliingia nyumbani mwa watu. Mwenye ng'ombe alipoteza maziwa ya watoto, samadi ya shamba, maksai wa kulima na akiba ya kuuza siku ya ugonjwa. Aliyekuwa na ndugu tambarare alipata pa kupeleka wanyama wake; asiyekuwa naye aliuza. Tena malisho ya tambarare yalipokea mzigo mpya, bila wenyeji wa huko kuwa sehemu ya hesabu.

Hakuna chombo cha maabara kinachoweza kulinganisha tani ya udongo na kikombe cha maziwa ya mtoto. Mtaalamu anayedai kwamba vipimo vyake vimelimaliza swali hili amevuka mpaka wa elimu yake. Ana haki ya kutoa maoni yake ya kimaadili kama raia mwingine yeyote, ila asiyavike koti jeupe la maabara.

Wingi wa vichwa na uzito wa hoja

Swali la tatu, la nani aamue, lina mifano mizuri katika historia ya Dodoma na ya Taifa.

Mfano wa kwanza ni wa mjadala uliofanyika mbali na wenye nchi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga, na Kongwa ndipo ulipoanzia. Ulipangwa na kubishaniwa London. Wagogo, ambao bado walikumbuka njaa kuu ya Mtunya ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliujua ukame wa nchi ile kuliko ramani yoyote, lakini hawakuwa katika kikao. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza paundi milioni 36 hivi.

Mfano wa pili ni wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Mwaka 1973 swali hilo lilipelekwa katika matawi ya TANU: kati ya matawi 1,859, yaliyokubali yalikuwa 1,017 na yaliyokataa 842. Walio wachache walikuwa wengi, na hesabu yao iliwekwa wazi. Hilo ni jambo la heshima, kwa sababu aliyeshindwa na kuhesabiwa hubaki mshiriki.

Mfano wa tatu ni Tume ya Jaji Nyalali, iliyoteuliwa mwaka 1991 kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Kiasi cha asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilipima pia sababu zilizotolewa, ikaona kwamba wengi wa hao walitaka mabadiliko makubwa, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa uamuzi huo. Funzo lake ni kwamba kuhesabu vichwa na kupima hoja ni kazi mbili, na mjadala mwema hufanya zote mbili hadharani.

Kanuni za kusaidia mjadala

Kutokana na hayo tunaweza kupendekeza kanuni chache, zitumike barazani, mkutanoni au darasani.

Kwanza, kabla ya kujibu, lirudie neno la mwenzako kwa namna ambayo yeye mwenyewe atakubali kwamba ndilo alilosema.

Pili, sema ni swali lipi unalolijibu kati ya yale matatu. Ukitoa hakika, eleza ilivyopimwa. Ukitoa hukumu ya maadili, kubali kwamba ni hukumu.

Tatu, jiulize ni ushahidi gani ungekubadilisha mawazo. Asiye na jibu haji kujadiliana bali kuhubiri.

Nne, tazama nani hayupo. Katika suala la Kondoa mwanamke anayekamua na kupika ana ujuzi ambao mwenye hati ya mifugo hana. Lakini kikao kikijaa wazee na maofisa, huenda asifunguliwe njia ya kusema.

Tano, kila uamuzi mzito uwekewe siku ya kutazamwa upya, pamoja na vipimo vitakavyotazamwa. Ruhusa ya 1989 ilionyesha kwamba hifadhi na ng'ombe wa zizini vinaweza kukaa pamoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1979 alikuwa na umri wa miaka kumi kabla ng'ombe hajaruhusiwa kurudi nyumbani kwao.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba njia hii ni ya polepole, na kwamba korongo halingoji kikao. Ni kweli kwamba yako mambo ya dharura. Lakini historia ya makingamaji ya ukoloni inatukumbusha kwamba kazi iliyofanywa kwa amri bila maelewano hubomoka mara tu mwamrishaji anapoondoka. Muda unaoonekana kupotea barazani mara nyingi huokolewa shambani.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Tuongeze kwamba neno haliharibiki pale wazee, vijana, wataalamu na wafugaji wanaposikilizana, kila mmoja akijua mpaka wa ujuzi wake. Udongo wa Kondoa ulihitaji kufunikwa ili usichukuliwe na maji. Na sisi tunaoujadili tunahitaji subira ya kusikilizana, isije ikawa tumeokoa mteremko na kupoteza watu wake.