Nuru ya nyota kongwe inayotua Malindi

NGOMENI, Kenya. Mvuvi anayetoka Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, huyaona majukwaa ya chuma ya San Marco yakiwa yamesimama baharini. Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988.

Kazi, hata hivyo, haijakoma. Ufukweni, antena za Kituo cha Luigi Broglio, kinachoendeshwa na Shirika la Anga za Juu la Italia, hupokea data za Swift, chombo cha NASA kilichorushwa Novemba 2004.

Swift kina darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 30, inayoona mwanga wa urujuanimno. Hewa ya ozoni huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo usifike ardhini. Hiyo ni heri kwa ngozi zetu, lakini humlazimu mtafiti kupeleka darubini yake juu ya anga.

Miongoni mwa vilivyotazamwa ni M15, kundi la nyota zaidi ya 100,000 lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 12. Wanaanga huita "metali" kila elementi iliyo nzito kuliko haidrojeni na heliamu, na nyota za M15 ni maskini wa metali: chuma chake hakifiki asilimia moja ya kile kilichomo katika Jua.

Ungetarajia nyota za umri huo ziwe nyekundu na zenye kufifia. Nyingi ziko hivyo. Lakini baadhi, zikishapoteza sehemu ya matabaka yao ya nje, huanza kuchoma heliamu kiini chao, zikawa na joto kali na kung'aa kwa urujuanimno. Uhaba wa metali nao huchangia, kwa kuwa metali hufyonza mwanga huo kabla haujatoka.

Matokeo yake, wazee huonekana vijana. Asiyelijua hilo anaweza kukosea umri wa galaksi nzima iliyo mbali.

Swift chenyewe kimezeeka na kinazidi kushuka. Septemba 2025, NASA iliipa kampuni ya Katalyst mkataba wa dola milioni 30 ili ijaribu kukiinua.

Kwa Afrika Mashariki, swali ni jingine. Rwanda ilipata setilaiti ndogo mwaka 2019, Uganda 2022 na Kenya 2023. Lakini data zinazotua Malindi huelekea Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, zinakoendeshewa shughuli za Swift. Penye miti hapana wajenzi.

Mlango, hata hivyo, haujafungwa. Hifadhi ya data za Swift iko wazi kwa yeyote, bila malipo. Mwanafunzi wa Dodoma, Kampala au Kigali anahitaji kompyuta, intaneti na mwalimu wa kumwonyesha namna ya kuzisoma. Huyo wa tatu ndiye adimu.