Je, Wajua? Kinanda Kikitangulia Wimbo

JE, WAJUA kwamba katika makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani, karne tatu zilizopita, mpiga kinanda alitangulia kabla waumini hawajafungua vinywa? Alipiga utangulizi uliotungwa juu ya tuni ya wimbo unaofuata, huku watu nyuma wakikanyaga mivukuto ili mabomba yapate upepo.

JE, WAJUA kwamba mtunzi na mpiga kinanda Johann Sebastian Bach aliwahi kukaripiwa kwa kazi hiyo? Mwaka 1706, akiwa na miaka 20, wakubwa wa kanisa mjini Arnstadt walimlaumu kwa kuchomeka noti ngeni hadi waumini wakapotea. Alipoambiwa anapiga kwa muda mrefu mno, akafupisha kupita kiasi. Ujeuri wa ujana huo!

JE, WAJUA kosa lake jingine? Aliomba ruhusa ya wiki nne akamsikilize mpiga kinanda Dieterich Buxtehude huko Lübeck, mwendo wa kilomita 400 hivi kwa miguu. Alirudi baada ya miezi minne.

JE, WAJUA kwamba kitabu chake maarufu cha tangulizi hizo, Orgelbüchlein, hakikukamilika? Alipanga nyimbo 164, akatunga 46 tu, nyingi akiwa Weimar. Kurasa kadhaa zina kichwa cha wimbo juu, chini tupu. Nafasi ilipombana, alimalizia muziki kwa herufi badala ya noti.

JE, WAJUA kwamba tangulizi hizi huhubiri bila maneno? Katika ule wa wimbo unaohusu anguko la Adamu (BWV 637, namba katika orodha ya kazi za Bach), besi hushuka kwa miruko mikali, kama mtu anayeteleza ngazini. Katika BWV 622, unaohusu mateso ya Kristo, mwendo hupunguzwa kabisa karibu na mwisho, na akodi ngeni inatokea ghafla.

JE, WAJUA utangulizi upi unashinda zote kwa maoni ya safu hii? BWV 639, sala ya mtu aliyeelemewa, katika F maina. Ndio pekee kitabuni wenye sauti tatu tu. Mkono wa kulia unaimba tuni, wa kushoto unatiririka bila kupumzika, na miguu inagonga noti za chini kwa hatua zisizobadilika. Hauna mbwembwe, na dakika tatu hivi zinautosha. Filamu ya Kisovieti Solaris (1972) iliutumia.

JE, WAJUA kwamba muziki wa Bach ulipigwa pia Lambaréné, Gabon? Daktari Albert Schweitzer aliufanyia mazoezi kwenye piano iliyofungwa vikanyagio vya miguu, zawadi ya Chama cha Bach cha Paris.

Tuni za Kijerumani kama zile alizotumia Bach zimo hata katika Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Tanzania. Kama usharika wako una kinanda, mwombe mpigaji atangulize kidogo Jumapili ijayo, nawe usiongee na jirani.