Kufufua Pikapu Kuukuu: Kwa Nini Breki Hutangulia Injini

Katika nyua nyingi za Afrika ya Mashariki huonekana pikapu kuukuu aina ya Land Rover, imesimama chini ya mwembe miaka na miaka, tairi zimelala na kuku wanataga chini ya kiti. Mwenyewe hakuitupa, kwani anajua kwamba gari hilo liliundwa hivi kwamba laweza kufunguliwa na kufungwa tena kwa spana za kawaida. Siku anapoamua kulifufua, aghalabu kazi huanzia pasipofaa: hununuliwa betri mpya, injini huwashwa, watoto hushangilia, na kabla jua halijachwa gari limekwisha kutoka barabarani. Mngurumo wa injini huwafanya watu waamini kwamba gari limepona. Lakini gari linaloweza kwenda na lisiweze kusimama ni la hatari kuliko lile lililolala chini ya mwembe.

Mfano mzuri ni pikapu ya Mfululizo wa Pili A, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1961 hadi 1971, ambayo umbali baina ya ekseli zake ni inchi 109. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma kutokana na vita. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, ilhali chesisi ilibaki ya chuma. Metali hizo mbili zinapogusana mahali penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi kama ule wa pwani, hufanya kazi mithili ya betri ndogo: elektroni hutoka kwenye alumini kwenda kwenye chuma, na alumini huliwa, ikaacha unga mweupe kuzunguka boliti. Unga huo huwatisha wengi, ingawa hauui mtu. La kuogopwa zaidi ni kutu ya chesisi, kwa kuwa chesisi hiyo ni mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani, na kutu huianza kutoka ndani, isikoonekana. Fundi huigonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo hutoboa.

Kabla ya kufungua gurudumu lolote, kuna jambo moja la gari hili ambalo hapana budi lieleweke vema. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi kwenda kwenye difu ya nyuma. Sasa, difu huruhusu gurudumu moja lizunguke mbele huku la pili likizunguka nyuma, hata kama shafti yenyewe imefungwa kabisa. Magurudumu yote mawili yakiwa chini, ardhi huyazuia yasiende kinyume. Lakini mara gurudumu moja la nyuma linapoinuliwa kwa jeki, hilo huwa huru kuzunguka upande wowote, na mwenzake aliye chini hupata nafasi ya kubingirika. Gari lililofungwa breki ya mkono kikamilifu huweza basi kuteleza kutoka kwenye jeki na kumwangukia aliye chini yake. Dawa yake ni kusimamisha gari mahali tambarare, kuziba magurudumu mengine kwa magogo mbele na nyuma, na kulilaza gari juu ya stendi za chuma au magogo mapana. Matofali hayafai, kwa sababu hupasuka ghafla.

Breki za miguu za gari hili ni za dramu kwenye magurudumu yote manne, na huendeshwa kwa kanuni ya Pascal: kanieneo inayotiwa kwenye kimiminika kilichofungwa huenea sawa pande zote. Mguu ukikandamiza kanyagio kwa nyutoni 200, na wenzo wa kanyagio ukizidisha nguvu hiyo mara 5, pistoni ya masta silinda husukumwa kwa nyutoni 1,000. Ikiwa eneo la pistoni ni sentimita 5 za mraba, kanieneo itakuwa nyutoni 200 kwa kila sentimita ya mraba, yaani takriban mara 20 ya ile ya angahewa.

Katika hali hiyo mafuta ya breki hayashindiliki kwa kiasi cha kuhisiwa, lakini hewa hushindilika. Kwa kanuni ya Boyle, kiputo cha hewa chenye sentimita 5 za ujazo, kikiongezewa kanieneo hiyo, hunywea hata kikabaki chini ya robo ya sentimita moja ya ujazo. Ili kukinywesha, pistoni husafiri karibu sentimita 1, na mguu karibu sentimita 5. Safari hiyo ni ya kushindilia hewa tu. Ndiyo maana kanyagio linaloshuka laini kama sponji ni dalili ya hewa, na ndiyo maana kazi ya kuitoa hewa hiyo gurudumu kwa gurudumu haina njia ya mkato. Isitoshe, mengi ya magari haya yana mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Mabomba ya chuma yenye kutu na ya mpira yenye nyufa hayatengenezwi, hubadilishwa.

Mafuta yenyewe hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 hutakiwa kuchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu joto hilo hufikiwa, mvuke hutokea ndani ya mabomba, na mvuke hushindilika kama hewa. Kujazia mafuta ya injini badala yake ni kosa baya zaidi, kwani huvimbisha na kuharibu mipira ya silinda. Tena, bitana nyingi za breki za zama hizo zilikuwa na asibesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Vumbi la dramu lisipulizwe. Lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa kibichi, kisha kitambaa kitupwe.

Baada ya hayo, injini ya sentimita 2,286 za ujazo haina makuu. Hutiwa mafuta kidogo ndani ya kila silinda, huzungushwa kwa mkono kwa hendeli, petroli iliyooza humwagwa, na platini za distributa husafishwa.

Majaribio hufanywa katika kiwanja kitupu, si barabarani. Nishati mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi: gari la kilo 1,500 likienda kilomita 20 kwa saa lina jouli 23,000 hivi, na likienda 60 lina jouli 208,000, joto linaloweza kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji. Kwa hiyo breki dhaifu hujificha katika mwendo wa polepole. Breki zinazopunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde husimamisha gari kutoka kilomita 20 kwa umbali wa mita 3. Zile za mita 2 huhitaji mita 8, tofauti ambayo dereva huenda asiijali. Kwa kilomita 60, umbali huo huwa mita 28 na mita 69.

Jaribio la haki, basi, ni la kupima. Mstari huchorwa kwa chokaa, gari hufika hapo kwa kilomita 30 kwa saa, na breki hukanyagwa. Likisimama ndani ya mita 7, hali ni njema. Likifika mita 17, lirudi kwenye magogo. Dereva akumbuke pia kwamba gia ya kwanza na ya pili hazina sinkromeshi, hivyo hubadilishwa kwa klachi mara mbili.

Baada ya kusimama mara kadhaa, kiganja huletwa karibu na kila dramu bila kuigusa. Iliyo baridi haifanyi kazi. Iliyo moto kupita ya upande wa pili, hata baada ya gari kutembea kidogo bila kukanyagwa breki, ina kiatu kilichonata, na gurudumu hilo hufunguliwa upya.