Kuzima taa ya injini si kuponya gari

Vijana wetu wengi wa Pwani wanaofanya kazi Nairobi wana ndoto moja ya gari: Subaru yenye turbo. Ndoto hiyo ina mizizi. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya kumi na mbili akiendesha Subaru Vivio, kigari chenye injini ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda mbio hizo kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akafanya vivyo hivyo. Watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi wakati ule, leo ni wazee wa nyumba wenye mishahara.

Lakini Impreza au Forester inayotangazwa leo kwa bei nafuu ina historia nyingine. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo lile la bei ya chini kabisa kwa kawaida ni gari lililoshuka bandarini kwetu Kilindini zamani, likapanda bara, likapita mikono mitatu au minne. Kila mwenye nalo alilikimbiza kwa namna yake na kulitengeneza kwa kadiri ya mfuko wake. Ndugu msomaji, hapo ndipo taa ya injini, ile ndogo ya rangi ya manjano kwenye dashibodi, inapokuwa na maana kubwa.

Nazungumza kwa sababu mpwa wangu anayeishi Jericho, Eastlands, alinunua gari la aina hiyo mapema mwaka huu. Siku ya tatu akanipigia: "Mjomba, taa ya injini imewaka, na gari linatetemeka likisimama." Nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nikaenda. Nilipofika alikuwa ameshapewa ushauri wa watu watatu. Wa kwanza alimwambia abadilishe sensa ya oksijeni. Wa pili akasema turbo imekufa. Wa tatu alijitolea kuifuta taa kwa bei ya chai. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza kompyuta ya gari imeandika nini.

Tulimpeleka kwa fundi anayefanya kazi karibu na soko la Jericho, si mbali na barabara ya Rabai, jina lililosafiri kutoka kwetu hadi huko. Alichotufundisha kwa saa mbili ndicho ninachotaka kukifikisha hapa.

Injini ya kisasa ina sensa nyingi: ya kupima hewa inayoingia, ya joto la maji, ya mzunguko wa injini, ya oksijeni kwenye moshi, na nyinginezo. Zote hupeleka habari kwenye kompyuta. Habari ikitoka nje ya mipaka inayotarajiwa, kompyuta huandika namba ya hitilafu. Hitilafu nyingi haziwashi taa mara ya kwanza. Kompyuta husubiri ione tatizo hilo hilo katika safari ya pili ndipo iwashe. Ndiyo maana gari linaweza kununuliwa Ijumaa likiwa kimya na kuwaka taa Jumapili.

Namba yenyewe husomeka. Herufi ya kwanza ikiwa P, tatizo liko kwenye injini au giaboksi. Ikiwa B ni bodi, C ni chasi na breki, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa sifuri, namba hiyo ina maana moja kwa magari yote. Ikiwa moja, ni ya kiwanda husika na huwezi kuitafsiri kwa orodha ya gari jingine. Tarakimu inayofuata huonyesha eneo: moja na mbili ni hewa na petroli, tatu ni mfumo wa kuwasha moto, nne ni moshi, saba ni giaboksi.

Gari la mpwa wangu lilikuwa na namba mbili, P0171 na P0301. Ya kwanza inasema mchanganyiko ni mwembamba, yaani hewa ni nyingi kuliko petroli. Ya pili inasema silinda namba moja inakosa kuwaka. Hapa ndipo wengi hupotea. P0171 inaripotiwa na sensa ya oksijeni, basi mtu hukimbilia kuinunua mpya. Hiyo ni sawa na kumpiga mjumbe aliyekuletea habari ya moto. Sensa imesema kweli: hewa imezidi. Swali ni imeingilia wapi.

Fundi alifanya mambo mawili ambayo hayakugharimu spea yoyote. Kwanza alihamisha koili ya silinda namba moja akaipeleka namba tatu, akawasha gari na kusoma tena. Kama hitilafu ingehamia namba tatu, koili ndiyo mbovu. Haikuhama. Pili, aliangalia asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza kufidia upungufu. Gari likiwa limesimama linanguruma tu, nyongeza ilikuwa zaidi ya asilimia 20. Alipokanyaga mafuta kidogo na kushikilia, ikashuka hadi karibu na kawaida.

Akatabasamu. "Hii ni hewa ya wizi," alisema. Alieleza kwamba injini ikinguruma polepole huvuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo lenye kuingiza hewa isiyopimwa huleta tofauti kubwa. Injini ikikimbia, hewa halali huwa nyingi mno hata ile ya wizi haionekani. Akaingiza moshi kwenye mfumo wa hewa, na moshi ukafuka kutoka kwenye mpira mwembamba chini ya manifoldi, upande ule ule wa silinda namba moja. Mpira ulikuwa umepasuka, na mtu fulani alishaufunga kwa utepe mweusi wa umeme. Kosa si la kiwanda. Ni uzee wa mpira na ujanja wa mkono wa mtu.

Msidhani ni jambo dogo kwa kuwa spea ni rahisi. Katika gari la turbo, mchanganyiko mwembamba ukiendelea huongeza joto na kusababisha petroli kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Hapo pistoni huvunjika, na bei ya mpira hugeuka kuwa bei ya injini nzima. Na taa ikianza kumweka badala ya kuwaka tuli, ujue silinda inakosa moto kiasi cha kuharibu katalisti kwenye ekzosi. Punguza mwendo, egesha, zima.

Baada ya hapo fundi alitufungulia ukurasa mwingine kwenye skana yake, na ndio ulionigusa zaidi. Namba zikifutwa, kompyuta haisahau kila kitu. Huanza upya majaribio yake ya ndani, na mpaka yakamilike huonyesha kwamba hayajakamilika. Magari mengi pia huhesabu kilomita tangu namba zilipofutwa mara ya mwisho. Hesabu ya gari lile ilikuwa karibu sawa na kilomita ambazo mpwa wangu alikuwa ameliendesha tangu alilipie. Kwa maneno mengine, taa ilizimwa muda mfupi kabla ya mauzo.

Waislamu tunaijua habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini ya kilicho kikavu. Alimkemea mwenye mali kwa udanganyifu, akamtaka aweke kilicholowa juu watu wakione. Skana leo ni mkono ule unaoingia ndani ya rundo. Na kufuta namba asubuhi ya mauzo ni kukigeuza chakula kikavu kije juu. Muuzaji anayejua aibu ya mali yake analazimika kuieleza, awe Muislamu au la mnunuzi wake.

Sheria yetu ya dini inampa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo na aliyofichwa, ana haki ya kurudisha au kukubali. Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wa Pwani, haki hiyo hutakiwa kudaiwa mara moja, na kuendelea kuitumia mali baada ya kujua aibu huidhoofisha. Tazama jinsi fiqhi na ufundi vinavyokutana: taa ikiwaka, kusimamisha gari hulinda injini na hulinda haki yako. Kwa kesi yako mahususi, muulize shehe.

Mpwa wangu alimpigia muuzaji. Jibu la kwanza lilikuwa lile tunalolijua sote: gari ni mashine, likishatoka kwangu ni lako. Alipotumiwa picha ya skana yenye ile hesabu ya kilomita, alinyamaza siku mbili, kisha akalipa gharama ya matengenezo. Bila picha ile, lingebaki neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Basi kabla hujalipa, fanya haya. Nenda gari likiwa baridi, na ukikuta boneti ina moto, uliza kwa nini limewashwa kabla yako. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeng'olewa. Chomoa kijiti cha oili, kwa sababu turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na oili chache au chafu huiua. Oili hiyo hiyo huweza kuleta namba kama P0011 ambazo watu huzitibu kwa kununua sensa. Kisha soma namba, soma kama majaribio ya ndani yamekamilika, na upige picha ukiwa mbele ya muuzaji.

Kifaa kidogo cha Bluetooth kinachosoma kwa simu kinatosha kwa magari mengi. Ila magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japan yana tundu linalofanana, lakini lugha yake ni ya kiwanda. Skana ikishindwa kuongea nalo, usichukue ukimya huo kuwa ni afya. Tafuta fundi mwenye skana ya gari hilo. Na kumbuka kompyuta haioni kila kitu. Haioni chasi iliyopinda wala kutu. Kupima mgandamizo wa silinda bado ni kazi ya mkono.

Muuzaji akikukatalia kupima, umeshapata jibu lako bila kulipa senti. Na wewe unayeuza, iache taa iwake na useme ukweli, upunguze bei. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na baraka ya fedha iko katika uwazi. Wallahu a'lam.